Mashefu Ndani ya Furiere

Nilipofika furiere Jumapili ile asubuhi, maji yalikuwa bado yananifika magotini, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Furiere ni uwanja uliozungushiwa ukuta wa matofali nyuma ya biro ya komine yetu, ofisi ya serikali ya eneo letu, hapa Kalemie. Zamani ilikuwa stoo ya saruji. Mabati yaling'olewa, hakuna anayesema nani aliyachukua, zikabaki kuta nne na mlango wa chuma. Mbuzi akikamatwa barabarani anapelekwa pale. Nguruwe pia, na mbwa asiye na mtu wa kumshika. Anafungwa kwenye pete za chuma zilizopigiliwa ukutani, na mwenyewe anaambiwa alete amande, yaani faini, ndipo arudishiwe. Asipokuwa nayo, mnyama anakaa. Juu hakuna kivuli, chini hakuna maji. Nilikuwa nimepita kando ya ukuta ule kwa miaka, nikisikia mbuzi wanalia mchana kutwa, nikijiambia kwamba siku moja nitaandika barua. Mimi ni teknisia wa mifugo. Wanyama ndio niliosomea, wanyama ndio wanaonilisha, na barua ile sikuiandika kamwe. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani kwamba hasira yangu yote ni juu ya wengine.

Mvua ilikuwa imeanza alfajiri. Nyuma ya komine kuna mto mdogo, watu wanafulia nguo pale. Miaka hii ziwa lililo mbele ya mji limepanda, limekula barabara na nyumba za chini, na mto ule ukijaa hauna tena pa kwenda. Unarudi nyuma, unaingia majumbani mwa watu. Jumapili ile uliingia haraka. Tulioko kilimani tulisikia tu kelele za watu wakiokoa magodoro.

Aliyenifuata nyumbani alikuwa mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Nyunzu. Anaishi chini ya bashi, turubai la plastiki, juu kidogo ya kwangu. Alikuja Kalemie kwa miguu na mbuzi watano, na katika wale watano wawili walikuwa wamekamatwa siku ya Ijumaa, wakila maganda ya mihogo kando ya barabara. Alisimama mlangoni pangu, kitenge kimemgandia mwilini.

“Mama veterineri, mbuzi yangu iko mule ndani. Mulinzi hayuko. Nimegonga, nimegonga, hakuna muntu.”

Tulishuka tukikimbia. Mlinzi alikuwa ameenda kusali upande wa pili wa mji, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, kwa sababu ufunguo ulikuwa mmoja tu. Tulipiga kufuli kwa jiwe mpaka jiwe likavunjika. Halafu tukavingirisha pipa tupu hadi ukutani, nikapanda juu yake, nikachungulia.

Walikuwa mbuzi kumi na mmoja na mbwa wawili. Nilihesabu kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Maji ya mle ndani hayakuwa mengi kiasi hicho. Mbuzi mkubwa angeweza kuinua kichwa akapumua mpaka yapungue. Lakini kamba zilikuwa fupi. Walikuwa wamefungwa shingo karibu na pete, na pete zimepigiliwa chini, usawa wa goti la mtu, ili wasirukie mlango unapofunguliwa. Kila mnyama alikuwa amekufa akiwa amegeukia ukuta. Mbwa mmoja peke yake alikuwa hai, amepanda juu ya mizoga miwili, pua yake imenyooka juu, anatetemeka.

“Unaona nini?” yule mama aliniuliza kutoka chini. “Mama, unaona nini?”

Nilishuka, naye akapanda mwenyewe. Alikaa juu ya pipa lile muda mrefu, viganja vyake viwili juu ya ukuta. Mimi ndiye niliyelia, na nililia kwa hasira, nikipiga mlango ule wa chuma mateke kama mwendawazimu.

Mlinzi alirudi maji yalipopungua. Alifungua, akaona, akavua kofia. Si mtu mbaya. Mbwa aliyebaki nilimchukua kwangu, lakini maji yalikuwa yameingia mapafuni na siku ya tatu alikufa.

Jumatatu niliitwa bironi kwa burgumesta, mkuu wa komine.

Burgumesta wetu wa wakati ule alikuwa mtu mpole. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wakisikia habari hii wanatafuta jitu lenye macho mekundu. Alinipa kiti, akauliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, akamwagiza mtu aniletee chai. Halafu akatelezesha karatasi juu ya meza. Ilikuwa imekwisha kuandikwa na kupigwa muhuri. Ilisema kwamba wanyama waliokuwa furiere walikufa kwa sotoka, ugonjwa wa mbuzi na kondoo, na kwamba komine ilifanya yote yaliyowezekana. Ilibaki sinyatiri yangu tu, yaani sahihi.

“Mama, hii ni kitu kidogo,” alisema. “Wenye mbuzi wanaanza kusema-sema. Weye njo fundi. Ukisema ilikuwa ugonjwa, wataelewa.”

“Papa Burgumesta, ilikuwa maji. Na kamba.”

“Maji, ugonjwa, yote ni kazi ya Mungu.”

“Na kamba? Kamba njo kazi ya Mungu?”

Alicheka kwa upole ule ule. Alisema mimi ni mtu wa kazi, yeye ni mtu wa kazi, tusitafutane makosa. Nikakirudisha kikombe mezani, chai bado imejaa.

“Sitii sinyatiri,” nilimwambia. “Imbwa nayo inaugua sotoka? Mbona imbwa imekufa pamoja nao?”

Hapo hakucheka. Aliangalia karatasi yake, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipogundua kwamba aliyeiandika hakujua chochote kuhusu wanyama. Niliona nafasi na nikaingia.

“Nipe mashefu wa kartie,” nikasema, yaani wakuu wa mitaa. “Wote. Nipe siku moja niwafundishe.”

“Kuwafundisha nini?”

“Kuchunga kiumbe ambacho serikali imekifunga. Ukishamfunga mnyama, wewe njo macho yake, wewe njo miguu yake. Hawezi kwenda kutafuta maji. Hawezi kukimbia.”

Alifikiri. Nilijua anachopima. Mafunzo ni kitu kizuri kwenye ripoti, hayamuudhi mtu, na mwanamke akishasema yake mbele ya watu hupoa. Akanipa saa moja katika mkutano wa mashefu wa Alhamisi. Karatasi yake akairudisha kwenye sanduku la meza. Hakuichana.

Nilikuwa na siku mbili. Nilichukua katoni za maziwa ya unga, nikazipasua, nikachora kwa makaa: paa, pipa la maji, kamba ndefu, pete iliyo juu ya ukuta, funguo mbili kwa watu wawili tofauti. Nilichora na mbwa akichomwa sindano ya kuzuia kichaa, kwa sababu nilijua watauliza habari za mbwa. Halafu nikaandika maelezo, nikaenda nayo kwa shefu wa kartie yetu, mzee aliyekuwa wa reli kabla ya kustaafu, mtu wa maneno machache, anayevaa koti hata jua likiwa kali. Kati ya mashefu wote yeye peke yake alikuwa ameteremka Jumapili ile kuona mizoga ikitolewa. Aliyasoma maelezo yangu yote, kidole kikifuata mistari, akanisahihishia Kifaransa. Mwishoni akavua miwani.

“Mama, haya maneno makubwa ya mwanzo, uyatoe. Ukianza na haki za wanyama, watacheka na utakuwa umekwisha. Sema maji. Sema kivuli. Shefu gani atasimama aseme anapinga maji?”

Nikafuta ukurasa mzima. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba mambo yatakwenda.

Alhamisi mkutano ulianza kwa kuchelewa sana. Tulikaa katika sale ya komine, ukumbi wa mikutano, feni haizunguki, madirisha yamefungwa kwa sababu ya harufu ya tope lililoachwa na maji. Kulikuwa na mashefu kama ishirini, wanawake wawili kati yao. Yule mama wa Nyunzu nilikuwa nimemwomba aje, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, na bidoni yake ya maji miguuni, imebaki maji kidogo, maana alitaka kupitia kisimani kuijaza akirudi.

Nilianza kama mzee alivyonishauri. Nilisema maji. Nilisema kivuli. Niliinua katoni ya kwanza, ile ya paa, na kabla sijamaliza sentensi ya pili shefu mmoja akainua mkono. Alikuwa shefu wa kartie ya sokoni, mtu mnene mwenye sauti inayofika mbali, anayependwa sana kwa mizaha yake.

“Mama veterineri, pardo. Swali dogo. Watu wako chini ya bashi, sivyo? Wamepoteza nyumba, wanalala na watoto kwenye matope. Na weye unatafutia mbuzi mabati?”

Sale nzima ilipiga makofi. Burgumesta mwenyewe alitabasamu akiangalia meza.

Na ubaya wa swali lile ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake. Mimi pia nilikuwa nimewaona wale watoto. Ninawaona kila asubuhi. Nilifungua kinywa, nikajibu vibaya, kwa haraka, nikasema mbuzi wale si wa tajiri yeyote, ni wa watu hao hao wa chini ya bashi, na sauti yangu ikapanda juu kama ya mtu anayegombana kisimani. Wakacheka zaidi. Mmoja akauliza kama imbwa nazo zitapewa vitanda. Mwingine akauliza kama mafunzo haya yana soda.

Ndipo yule mama aliposimama nyuma.

“Mimi njo wa chini ya bashi,” alisema.

Watu waligeuka.

“Munasema juu yangu. Nimetoka mbali na ile mbuzi. Usiku wa kukimbia nilichagua, nibebe sufuria ao nishike kamba ya mbuzi. Nikashika kamba. Ile mbuzi njo ilikuwa nyumba yangu. Njo minerval ya mutoto wangu, feza ya masomo. Siku muliikamata nilikuja hapa nikasema, nipeni siku moja tu, nitafute amande. Nikasema, basi muinyweshe hata mai. Mulinzi akasema hana bidoni. Nikaleta yangu. Akasema haruhusiwi kufungua.”

Nilitazama nyuso zao. Nilidhani sasa, sasa hivi, kitu kitatokea. Mzee wetu wa reli alikuwa ameacha kuandika, ameinamisha kichwa.

Burgumesta aligonga meza polepole kwa kalamu.

“Mama, tunakuonea huruma. Lakini hauko kwenye programu ya leo. Utasikilizwa kisha.”

Mama akaketi. Aliketi tu, kama mtu aliyezoea, akavuta bidoni yake karibu. Na mimi, nikiwa nimesimama pale na katoni yangu ya maziwa mkononi, nikaona jinsi alivyoketi, na kitu fulani ndani yangu kikakatika.

“Twendeni tukaone,” nikasema. “Ni hatua kidogo tu. Papa Burgumesta, wewe pia. Nitamalizia huko.”

Walikubali kwa furaha, maana sale ilikuwa tanuri. Walitoka wakinyoosha migongo. Mlinzi alifungua mlango wa chuma, safari hii ukiwa na kufuli jipya. Sikuwa nimepanga lolote. Najua watu hawaniamini ninaposema hivyo, lakini sikuwa nimepanga.

Waliingia wote, vitambaa puani. Tope lilikuwa limekauka na kupasuka, na jua la adhuhuri lilikuwa limesimama juu ya kuta zile kama limefungiwa mle pia. Mizoga ilikuwa imeondolewa, lakini kamba zilikuwa bado zinaning'inia kwenye pete. Hakuna aliyejisumbua hata kuzikata. Nilisimama mlangoni nikaonyesha: hii hapa kamba, pimeni urefu wake, kiganja na nusu. Wachache waliinama kuangalia. Yule shefu wa sokoni akaingiza kidole katika pete moja, akawaita wenzake.

“Njooni muone hoteli! Chumba yenye hewa, hakuna hata plafo juu!”

Wakacheka. Burgumesta naye alicheka, na safari hii hakuficha.

Nilirudi nyuma hatua moja. Nikavuta mlango. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi, ufunguo ndani yake. Nililiingiza, nikalibana, nikatoa ufunguo.

Kwa muda walidhani ni sehemu ya mafunzo, na kweli ilikuwa. Walicheka. Mtu akasema mama huyu ni hatari. Halafu mmoja akasukuma mlango, ukakataa, akaupiga kwa kiganja. Halafu wengine.

“Mama veterineri! Fungua sasa, tumeelewa!”

“Mumeelewa nini?” nikauliza.

Halafu sauti ya burgumesta, karibu sana na chuma: “Mama. Unajua unafanya nini? Unafunga serikali.”

“Najua, Papa. Muko hapo dakika tano. Mbuzi ya huyu mama ilikaa tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Tafuteni kivuli mule ndani. Mukikipata munionyeshe.”

Mlinzi alikuwa amenishika mkono anaomba, analia kabisa: “Mama, watanifukuza, nina watoto.” Nikamgeukia yule mama wa Nyunzu. Alikuwa ametufuata, amesimama na bidoni yake. Nadhani kama angeniambia nifungue ningefungua.

“Uache kidogo,” alisema.

Basi nikaacha. Sijui ilikuwa muda gani. Walipiga mlango, wakatukana, wakaahidi, wakaita polisi waliokuwa wamekwenda kula. Mmoja wa wale mashefu wawili wanawake alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, tena na tena, “Jua ni kali, jamani, jua ni kali.” Nilikuwa nimeegemea mlango na nilikuwa nasikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisikia raha kama mtu anayekunywa maji baridi.

Halafu mtu akapiga kelele: “Mzee ameanguka!”

Nilijua ni mzee yupi hata kabla sijafungua. Mlinzi alininyang'anya ufunguo, akafungua yeye. Mzee wa reli alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, koti lake limejaa vumbi, uso umekuwa kama jivu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nilikuwa ninajua, jirani zangu wote wanajua. Yule mama alipita kati ya mashefu na bidoni yake, akapiga magoti, akamnywesha kwa kiganja, kwa sababu hakukuwa na kikombe. Lilikuwa tone la mwisho la maji aliyokuwa nayo. Shefu wa sokoni alikimbia hadi barabarani akarudi na chupa ya soda, akaifungua kwa meno. Mzee alimeza, akatapika, akameza tena, rangi ikarudi polepole.

Alinitazama. Watu wengine wote walikuwa wananipigia kelele na sikumsikia hata mmoja.

Burgumesta alipangusa shingo yake kwa kitambaa. “Umemaliza kazi yako hapa, Mama,” alisema kwa upole.

Polisi waliniweka kwenye benchi la komine mpaka jioni. Mashefu walitaka nishitakiwe, na ingewezekana, maana aliyeumia alikuwepo. Lakini mzee aliitwa atoe malalamiko, akakataa. Alisema jua lilimpiga, na jua halina jina la kuandikwa. Wiki mbili baadaye nikapata barua kutoka kwa wakubwa wangu wa kazi: nimehamishiwa Pepa, kwa mahitaji ya utumishi.

Kabla ya kupanda lori nilikwenda kwa mzee wa reli. Nilimkuta anakula bukari na ndagala, mke wake amekaa kando. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha. Aliniambia niinuke, akanipa kiti, akamaliza kula kwanza.

“Nimekusamehe,” alisema. “Mbuzi walikufa vibaya na ulikasirika. Mimi pia nilikasirika. Lakini nikuulize. Wakati ulifunga ule mlango, uliniona?”

“Nilikuona, Papa.”

“Basi uliniona na ukanihesabu pamoja nao.”

Ningeweza kusema hasira haichagui, lakini mimi nilikuwa na macho, na mlango ulikuwa mkononi mwangu.

Pepa ni juu, kwenye nyanda za Marungu, kuna baridi na ng'ombe wengi kuliko watu. Nilikaa huko karibu mwaka. Wafugaji wa kule hawakuwahi kuhudhuria mafunzo yoyote, na asubuhi ya kwanza tu nilimkuta mzee mmoja amewalaza ndama wagonjwa chini ya paa la jiko lake, yeye na wanawe wakiota moto nje kwenye ukungu. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama nimeuliza swali la kijinga. “Hawawezi kujifunika,” alisema. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakasirika upya, peke yangu, kwa ajili ya ile sale na ile feni isiyozunguka na wale watu wote wenye shule.

Habari za Kalemie nilizipata kwa simu. Furiere ilikuwa imepata paa, mabati mapya kabisa. Pipa la maji pia. Ufunguo wa pili ulikuwa kwa shefu wa kartie yetu, mzee wa reli, aliyeudai mwenyewe mbele ya wote na kukataa kuondoka sale mpaka apewe. Na aliyesimama kumuunga mkono alikuwa yule wa sokoni. Waliniambia kwamba alisema, bila mzaha wowote: “Mimi nilikuwa mule. Nilitafuta kivuli.”

Ningependa kuishia hapo. Lakini kulikuwa na sherehe ya kufungua paa lile. Burgumesta alikata utepe, akapigwa picha ameshika mbuzi mweupe aliyeoshwa kwa sabuni, akatoa hotuba kwamba komine yake imejali viumbe vya Mungu tangu siku ya kwanza. Wale kumi na mmoja hawakutajwa. Yule mama wa Nyunzu hakualikwa. Hajalipwa mbuzi wake wawili, hajaombwa radhi, na mtoto wake alikaa nyumbani mwaka mzima bila masomo. Nilipoiona picha ile kwenye simu ya mtu, kule Pepa, niliitazama kamba shingoni mwa mbuzi mweupe. Ilikuwa fupi.

Nimerudi sasa. Burgumesta ni mwingine. Ameniita nije kuwafundisha mashefu mara kwa mara, nami ninakwenda, na kila mara wa sokoni ananitambulisha kwa wageni: “Huyu njo alitufungia!” Sale inacheka, mimi ninangoja wamalize. Wamekwisha kuigeuza hadithi ya kuchekesha, ya mama mkali na mashefu waliotoka jasho. Mzee wetu wa reli yeye hacheki. Anakaa mstari wa mbele, anaandika, na nikikosea neno la Kifaransa hanisahihishi tena.

Wiki hii mtoto ameng'atwa na mbwa karibu na bandari, na katika mkutano shefu mmoja mpya, kijana aliyevaa vizuri, amependekeza sumu kwa mbwa wote wa mji. Wengi waliitikia kwa kichwa. Nilisimama nikaeleza habari za chanjo, za mbwa kuwa na mwenyewe anayejulikana, za uwanja ambako mbwa aliyemng'ata mtu anawekwa na kuangaliwa siku kumi, akilishwa na kunyweshwa. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima kabisa:

“Mama, asante. Lakini sumu ni rahisi.”

Niliomba nafasi ya kusema tena. Burgumesta mpya akatazama saa yake. Nikaomba mara ya tatu, nimekwisha kusimama, na nikabaki nimesimama.